Uzi Chini ya Fremu

Rafiki yangu Festus wa Wundanyi alimzika mkewe Immaculate, na kabla hata matanga hayajaanuliwa, akamleta mpenzi wake Cynthia nyumbani. Cynthia akakataa kula akitazamwa na picha ya marehemu ukutani. Basi Festus, mwanamume mzima, akaibeba fremu hadi Voi, fundi akabandika picha ya bahari juu ya uso wa Immaculate: nakala ya mchoro wa Kizungu ambao ukiukaribia huoni ila madoa ya rangi.

Jioni hiyo stima ikapotea. Fremu ikiwa imerudi ukutani, gizani wakasikia sindano ikigonga pete ya kidoleni, kama Immaculate alipokuwa akifuma vitambaa vya viti. Stima iliporudi, uzi mweupe ulining'inia chini ya fremu, ukidondosha maji.

"Toa hiyo takataka," Cynthia akasema.

Festus akaushika, akauvuta. Kutoka nyuma ya bahari, uzi ukavutwa kurudi.