Mwiba Chini ya Waridi

Maiti ya mchora tatuu ilikuwa imelala kifudifudi kati ya meza yake ya kazi na kiti cha wateja. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Taa ya mezani yenye kitako cha chuma ilikuwa sakafuni, ina damu na nywele.

"Kesi nyepesi hii, Afande," Sajini alisema. "Mdogo wake ndiye aliyetuita, na shati lake limelowa damu. Mtaa mzima unajua walikuwa wanagombea hili duka. Mchana huu namfungulia mashtaka ya mauaji."

Inspekta alikuwa ameinamia vikopo vya wino.

"Au unataka kuchorwa, Afande?"

"Acha utani, njoo utazame. Wino mweusi umetumika. Mwekundu umejaa, haujaguswa. Sindano ina damu na bandeji haijafunguliwa. Kuna mtu ametoka humu na mchoro mbichi wa nusu, bila hata kufunikwa. Huyo mdogo mtu umemkagua mwili?"

"Wote. Hana hata doa."

"Basi mashtaka yako yasubiri."

Waliigeuza maiti. Mkono mmoja wa shati ulikuwa umekunjwa hadi kwenye kiwiko, na hapo, juu ya ngozi, palikuwa na tatuu ya tumba la waridi, yaani ua ambalo bado halijafunguka. Kikonyo chake kilikuwa kimekatwa.

Huko mahabusu, mdogo wa marehemu alikuwa ameketi sakafuni, mikono kichwani.

"Nilimkumbatia, Afande. Ni kaka yangu. Ulitaka nimruke?"

"Sikulaumu. Niambie habari ya ua lililo mkononi mwake."

Yule bwana alishusha mikono kichwani.

"Kaka alikuwa hachori waridi mpaka ajue sababu. Waridi lililofunguka ni mtu mzima aliyekufa. Tumba ni mtoto ambaye hakuzaliwa."

"Na mwiba? Waridi lina mwiba."

"Mwiba ni kosa. Wengi wanautaka kwa urembo, yeye anakataa. Atakwambia, niambie kwanza ulimkosea nani."

"Na hilo tumba lake?"

"Kulikuwa na binti wa mama mmoja mshonaji, nyuma ya posta. Mimba yao iliharibika, wakaificha. Wakachorwa tumba la namna moja, yeye na kaka. Kisha binti akashikwa na homa kali. Kaka alimfikisha hospitali, akamwacha kwenye benchi la mapokezi, akakimbia. Aliogopa maswali. Binti akafa. Tangu hapo kaka hakuwa mtu."

"Mama wa binti anamjua?"

"Hamjui. Binti hakuwahi kumpeleka nyumbani."

Nyuma ya posta, mama mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake. Jua lilikuwa linachoma, naye amevaa gauni la mikono mirefu. Kitambaa alikisukuma kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulilala mapajani kama si wake.

"Karibu, mwanangu. Unashona au unapunguza?"

"Si nguo iliyonileta, mama. Naomba ukunje huo mkono wa gauni."

Mguu wake uliokuwa juu ya pedali ukasimama.

"Haukunjiki," alisema taratibu. "Umegandia."

Hakuhitaji kubanwa. Alieleza huku akitazama sindano ya cherehani.

"Nilikuwa na picha ya mwisho ya mwanangu. Inaonyesha ua mkononi. Nikasema na mimi nilibebe, nizikwe nalo. Yule fundi aliitazama ile picha mpaka nikamuuliza kama ameona jini. Akasema, kaa mama."

"Akaanza kukuchora."

"Kwa upole, mwanangu. Kama anagusa yai. Mimi nimegeuza uso, naogopa sindano. Joto likamzidi, akakunja shati. Ndipo nikaliona. Ua la mwanangu, kwenye mkono wake! Manesi waliniambia kijana fulani alimwacha pale akakimbia. Nikamuuliza, wewe ndiye uliyemtupa pale mapokezi? Unajua alinijibu nini? 'Ngoja nimalize, mama, nitakwambia yote.' Amalize! Kama mtu anayepima suruali! Kisha akanipa mgongo, anatafuta kitambaa cha kupangusa damu. Nikashika taa."

Alijifuta machozi kwa kiganja.

"Ndiyo, nimemuua. Alimwacha mwanangu afe peke yake kama asiye na mama. Yule mdogo wake niliyesikia mmemkamata hana kosa, mwachilieni."

Kituoni, daktari alimwagilia maji ya chumvi kwenye kitambaa cha mkono wa gauni hadi kikaachia. Mama aligeuza uso tena. Tangu achorwe hakuwa amethubutu kulitazama lile ua.

Inspekta alilitazama kwa niaba yake. Halikuwa ua la kwenye picha. Akaagiza mdogo wa marehemu aletwe.

"Hii ni kazi ya kaka yako. Isome."

Yule bwana alisogea, akasimama mbele ya mwanamke aliyemuua kaka yake.

"Hili lililofunguka ni binti yako, mama. Hili tumba pembeni yake ni mjukuu wako."

"Mjukuu?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Na huu hapa chini ni mwiba." Alimtazama usoni. "Mama, ulimwambia umemkosea nani?"

"Sikumwambia kosa lolote."

"Basi si wako. Ni wa kwake. Alikuwa anajiandika."

Sajini aliinamisha kichwa.

Hapo ndipo mama alipogeuka akautazama mkono wake. Aliutazama sana, mistari mitupu myeusi isiyo na rangi ndani yake.

"Aliniambia ningoje," alisema.