Shangazi Kapteni na Chupa za Maji

Kengele ya mwisho ilipolia, Mutindi hakukawia shuleni. Alipitia nyumbani, akajitwika mtungi wa plastiki mgongoni, mkanda wake ukipita kwenye paji la uso, akashika njia ya kisimani. Hakikuwa mbali. Zamani mama yake alikuwa akienda hadi mtoni kufukua maji mchangani, mpaka wakazi wa upande huu wa Mbumbuni walipochimba kisima kwa harambee na kukitia pampu ya mkono. Maji yake yalikuwa na chumvichumvi, lakini yalikuwa yao.

Siku hiyo ya mwaka 1988, wanawake waliokuwa kisimani hawakupiga soga kama kawaida.

"Jeshi linataka nini na meno ya watoto wetu?" mmoja wao, Mbula, aliuliza kwa sauti ya chini.

Mzee Mutie, mwenyekiti wa kisima, alikuwa akitia pampu mafuta. "Yule kapteni anasema anasoma," alijibu. "Mtu ana cheo, ana mshahara, anasoma nini tena? Mimi nasema ametumwa kupima maji haya. Wakiyaona yana kasoro, watakuja na kufuli."

Mutindi aliinamisha kichwa. Aliyesemwa alikuwa shangazi yake Kalunde, dada ya baba yake. Alikuwa kapteni jeshini na daktari wa meno. Alikuja kwao likizoni, lakini likizo yake haikufanana na likizo. Alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaomba watoto wafungue vinywa. Alitazama, akaandika, kisha akajaza maji ya kila boma katika chupa ndogo na kuibandika jina.

Hata Mutindi aliombwa afungue kinywa. Alikifumba zaidi. Meno yake yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, na shuleni walimcheka kwamba hajui mswaki.

"Sikulazimishi," shangazi alisema, akarudi kwenye kitabu chake.

Mutindi alichungulia kitabu hicho shangazi alipotoka. Kilikuwa cha Kiingereza kigumu, chenye picha za visima na picha za meno yenye madoa. Kumbe Mzee Mutie alikuwa anasema kweli. Hakumwuliza shangazi neno, ila tangu hapo alimtazama kwa jicho la pembeni, kila aendapo na kila arudipo.

Jumamosi shangazi alikwenda Kalamba kuchukua maji ya visima vya huko. Mama alikuwa shambani. Mutindi aliivuta katoni ya chupa za shangazi kutoka chini ya kitanda, akaitafuta chupa iliyoandikwa "Kisima". Aliyamwaga maji yake nje. Kisha akachota maji ya mvua kwenye ndoo ambayo mama aliiweka kwa ajili ya chai, maji ya kutoka tangi la kanisa, akaijaza chupa na kuirudisha.

Alikuwa akifunga mlango Mzee Mutie alipofika kurudisha jembe. Alilisimamisha ukutani na kwenda zake.

Alasiri shangazi alirudi, akaanza kupanga mizigo. Aliishika chupa ya kisima, akasita. "Mimi hujaza mpaka shingoni," alisema. Alidondosha tone kwenye ulimi. "Wifi, maji ya kisima chenu yamekuwa matamu lini?"

Mama yake Mutindi, Ndila, hakuelewa.

"Nani aliingia humu leo?"

"Mimi nilikuwa shamba. Lakini nimekuta jembe aliloazima Mzee Mutie limerudishwa."

Uso wa shangazi ulibadilika. Alimtuma Mutindi amwite mzee. Njia nzima ya kurudi naye, Mutindi hakuweza kuinua macho.

"Mzee, hukupenda kazi yangu tangu mwanzo," shangazi alisema hata kabla mgeni hajaketi. "Lakini kubadilisha maji ya chupa zangu ni jambo jingine."

Mzee Mutie alisimama wima. "Mimi nimeijenga nyumba hii pamoja na baba yako. Leo unaniita mwizi wa maji? Basi kamati ya kisima isikuone pale na chupa zako tena."

Alielekea mlangoni. Mutindi angenyamaza tu, kisima kingesalimika. Lakini mzee huyu alikuwa akitoka na aibu isiyo yake.

"Si Mzee Mutie," alisema. "Ni mimi."

Mutindi alieleza huku machozi yakimtoka: kufuli, mto wa mbali, picha za kitabuni.

Shangazi aliketi polepole. Kwanza alimgeukia mzee. "Nimekukosea, Mzee. Nimekuhukumu bila kuuliza. Naomba unisamehe."

Kisha akamvuta Mutindi karibu. "Kwa miaka miwili nawatibu askari mchana, jioni naenda chuo kikuu, natafuta shahada ya uzamili. Nilichagua kutafiti meno ya watoto wa kwetu. Kesho naripoti kambini, na likizo nyingine haipo kabla ya siku ya kuwasilisha utafiti huu chuoni. Ningepeleka maji ya mvua kwa jina la kisima, ningeandika uongo kwamba maji haya hayana neno."

"Yana nini?" Mzee Mutie aliuliza, bado akiwa mlangoni.

"Nashuku yana madini mengi yaitwayo floraidi. Ndiyo yanayotia meno madoa yanapoota. Si uchafu, Mutindi. Hata ungepiga mswaki kutwa, madoa yasingetoka."

Mutindi alimtazama. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

"Na kisima?" mzee aliuliza.

"Sina amri wala nia ya kukifunga. Ikithibitika, maji yake yatumieni kufulia, kuogea na kunyweshea mifugo. Watoto wadogo ndio wanywe na kupikiwa maji ya mvua."

"Ungetuambia hivyo siku ya kwanza."

"Ni kweli. Jeshini nikisema fungua kinywa, watu hufungua. Nimesahau kwamba nyumbani watu huelezwa kwanza."

Mzee Mutie alicheka kidogo, akavaa kofia yake. Waliongozana wote hadi kisimani. Mzee alipiga pampu, Mutindi akashika chupa mpaka maji yakafika shingoni. Kisha, bila kuombwa, akafungua kinywa.

Mwaka uliofuata shangazi alipata shahada yake, naye akapandishwa cheo kuwa meja. Kipimo kilithibitisha alichoshuku, na wazazi wakajenga tangi la maji ya mvua shuleni. Siku ya kulifungua, Mzee Mutie alisimama mbele ya wanafunzi.

"Mimi nilieneza neno nisilolijua," alisema, "mtoto akalibeba, na kazi ya mtu ikakaribia kuharibika. Kushuku si kosa, watoto wangu. Lakini ukishuku, nenda ukamwulize mwenyewe. Na ukikosea, sema mapema, kama Mutindi alivyosema."