Mtungi wa Tatu katika Hoteli ya Shangazi Olipa

Asubuhi ya Jumamosi ile, kabla hata sijanawa uso, niliona mwiko umesimama wima ndani ya mtungi wa tatu. Katika mitungi miwili ya kwanza mwiko ulikuwa umelala ukingoni, kwa sababu uji ulikuwa umelegea usiku kucha na kuwa mwepesi kama maziwa. Katika mtungi wa tatu uji ulikuwa mzito vilevile kama tulivyouacha jana yake.

Kila mtoto wa Kashikishi, mji wetu wa kando ya ziwa, anajua kinywaji cha munkoyo kinavyotengenezwa. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe, halafu unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi huulegeza uji na kuufanya mtamu, na kesho yake watoto wanakunywa mpaka matumbo yanajaa. Kama mizizi si ya munkoyo, uji haulegei. Na aliyechimba mizizi ile nilikuwa mimi, Febby.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikaa na shangazi yangu Olipa, dada wa baba. Kila siku kabla ya shule nilifagia, nikateka maji, nikakaanga vitumbua. Jumamosi hakukuwa na shule, lakini kazi ilikuwa mara tatu, kwa sababu Jumamosi ilikuwa siku ya mpira, na hoteli ya shangazi ilikuwa kando ya uwanja, karibu kabisa na mstari wa majivu ulioonyesha mpaka wake.

Zamani wanaume walitazama mpira kutoka kilabu cha pombe, na watoto hawakuruhusiwa kuingia. Akina mama walisimama juani na watoto mgongoni. Wavulana walipanda juu ya vichanja vya kukaushia samaki, vichanja vikavunjika, dagaa wakamwagika mchangani, na wavulana wakapigwa. Shangazi Olipa alipenda mpira kuliko wanaume wengi wa pwani yetu. Akaomba kiwanja, akajenga banda pana la nyasi lisilo na ukuta wa mbele. Mabenchi mafupi aliyaweka mbele kwa ajili ya watoto, marefu nyuma kwa ajili ya wakubwa. Aliuza ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, vitumbua, karanga, chai na munkoyo. Pombe hakuuza. Mtu akianza kutukana kwa sababu ya goli, shangazi alimwambia aende akawatukane viboko ziwani, wao hawana watoto pale. Watu walicheka, na yule mtu alinyamaza.

Jumamosi ile ilikuwa kubwa kuliko zote. Timu ya wavuvi wa kisiwa cha Chisenga ilikuwa inakuja kucheza na timu yetu. Mshindi angepanda lori kwenda Mwansabombwe kwa mechi ya mwisho. Kaka yangu Kingsley alikuwa mshambuliaji wetu. Wiki nzima hakuna aliyezungumza habari nyingine. Hata mwinjilisti wa kanisa letu alifupisha sala ya Ijumaa jioni, akasema Mungu anajua wachezaji wanahitaji kulala mapema.

Sasa niseme kosa langu. Alhamisi shangazi alinituma kuchimba mizizi, kule nyuma ya mashamba ya muhogo. Alikuwa amenifundisha mara nyingi: tazama majani, vunja mzizi, unuse, na kama huna hakika uache hapohapo. Kapu lilipofika nusu nilisikia filimbi. Timu ilikuwa inafanya mazoezi, na mimi nilitaka kumwona Kingsley akipiga mashuti. Kando ya shamba moja lililoachwa niliona mmea wenye majani yanayofanana na ya munkoyo. Nikachimba upesi bila kupumzika. Nilivunja mzizi mmoja tu, na harufu yake ilikuwa kali. Nikajiambia labda ni udongo wa pale. Niliifunga mizizi ile katika kitenge changu, nikakimbia uwanjani. Ijumaa mizizi ya kapuni ilitosha mitungi miwili. Ile ya kitenge ikaenda katika mtungi wa tatu.

Nilikuwa bado nimesimama mbele ya mtungi huo alipokuja Jessy, jirani yetu, kusaidia kuosha vikombe. Jessy alikuwa na umri wangu, lakini mdomo wake ulikuwa na umri wa mama yake. Alitazama mwiko, akacheka.

“Febby, uji wako umegoma kwenda mpirani,” alisema.

Nilimweleza ukweli. Akasema si neno, nitie maji na sukari, nikoroge, hakuna atakayejua. Nilitaka kwenda kumwambia shangazi. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Shuleni nilijua jibu na mkono ukabaki chini ya dawati. Mbele ya wakubwa sauti yangu ilikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nilitia maji, nikatia sukari, nikakoroga. Mtungi wa tatu ukafanana na ile mingine miwili. Nikaufunika, nikauweka nyuma kabisa, nikitumaini kwamba miwili itatosha.

Saa nane mitumbwi ya Chisenga ilitokea ziwani, ngoma zikipigwa ndani yake. Walikuja baba, mama, nyanya na watoto wengi kuliko tulivyowahi kuona. Shangazi aliwapokea mlangoni, akawaketisha wageni mabenchi ya mbele, akawaambia watoto wetu wasogee. Kina mama wa kisiwani walishangaa kuona wanaweza kukaa kivulini na kutazama mpira huku watoto wakila. Bibi mmoja aliyeitwa Mukuka, mwenye wajukuu wanne, alisema kwamba miaka yote amesikia mpira kwa masikio tu, leo atauona kwa macho.

Refa akapuliza filimbi. Vumbi likapanda. Chisenga walicheza kama watu wanaokimbizwa na nyuki. Dakika chache tu wakapata goli, na wageni wakaruka hadi mabenchi yakalia. Kisha Kingsley alipokea mpira katikati, akampita mmoja, akampita wa pili, miguu mitupu kama sisi sote, akapiga chini kabisa ya mkono wa golikipa. Sasa ilikuwa goli moja kwa goli moja. Shangazi alipiga vigelegele na sahani ya samaki mkononi, na hakuna samaki aliyeanguka.

Wakati wa mapumziko watoto walikuja mbio wakiwa na kiu. Mtungi wa kwanza ulikwisha. Wa pili ukakwisha. Shangazi akanigeukia, akaniambia nilete wa tatu.

Niliubeba. Nilimimina kikombe cha kwanza, akakichukua msichana mdogo, mjukuu wa Bibi Mukuka. Nilimimina cha pili. Mkono uliokuja kukipokea ulikuwa wa Chola, mtoto wa mwisho wa shangazi, aliyekuwa na miaka mitano. Alikiinua kikombe kuelekea mdomoni.

“Msinywe,” nilisema.

Hakuna aliyesikia. Nikampokonya Chola kikombe, munkoyo ukamwagika kifuani pake, na nikasema tena kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuijua: “Msinywe huu. Mizizi yake si munkoyo. Nilichimba bila kuangalia, na leo asubuhi nikaficha kwa maji.”

Chola alianza kulia. Shangazi hakunipiga wala hakunifokea. Aliuliza jambo moja tu: nani amekunywa? Akamwomba kila mzazi atazame kikombe cha mtoto wake. Msichana wa kisiwani alikuwa bado ameshika chake, kimejaa. Bibi yake alikuwa amemwambia amalize kitumbua kwanza. Hakuna aliyekuwa amekunywa.

Bibi Mukuka akanyoosha mkono. “Mutoto, lete ile mizizi nione.”

Nilimpa machicha yaliyokuwa chini ya mtungi. Aliyanusa, akayasugua katikati ya vidole, akanusa tena. Alieleza kwamba kwao mizizi ile hupondwa na kutiwa katika vijito ili kuwalewesha samaki, nao huelea tumbo juu. Mtu mzima akiinywa hutapika siku nzima. Juu ya mtoto alitikisa kichwa tu.

Baba mmoja wa Kashikishi alisimama, akawashika wanawe wawili mikono. Alisema kwa sauti ya kusikika kwamba afadhali watoto wake wavunje vichanja vya watu kuliko kutiliwa dawa ya samaki. Akatoka. Wengine walianza kutazamana. Nilimwona shangazi akimwangalia yule baba akiondoka, na nikaelewa maana yake: kama wote wangemfuata, hoteli ingekuwa imekwisha siku hiyo.

Shangazi aliubeba mtungi mwenyewe, akaupitisha mbele ya wote ili kila mmoja aone. Alichimba shimo, akamwaga uji wote ndani, akafukia. Kisha akarudi, akasimama mbele ya mabenchi.

“Ndugu zangu, mukwai,” alisema, kwa neno letu la heshima. “Mizizi aliichimba mtoto. Kuikagua ilikuwa kazi yangu, nami sikuikagua kwa sababu akili yangu ilikuwa kwenye mpira. Mmesikia yote. Sasa tutachemsha maji, tuoshe vikombe vyote, na watoto watapata chai. Anayetaka kubaki abaki.”

Bibi Mukuka ndiye aliyeketi kwanza. Alisema yeye haondoki, hajaona nani atashinda. Watu wakacheka, wakaketi.

Kipindi chote cha pili mimi nilikuwa jikoni nikichochea moto na kuosha vikombe kwa maji ya moto. Sikuona hata pasi moja. Jessy alisimama mlangoni, akanitangazia. Alikuwa ameinamisha uso tangu niliposema, na nadhani ile ilikuwa njia yake ya kuniomba radhi. Aliniambia Chisenga wana mpira, wanakuja, wanakuja, wamefunga. Halafu akasema sisi tumepata penalti, Kingsley anaweka mpira chini, anarudi nyuma. Akanyamaza.

“Jessy, sema,” nilimwambia.

“Ngoja, siwezi kuangalia,” alisema, akajifunika macho kwa sahani. Kelele za watu ndizo zilizotuambia. Mbili kwa mbili. Refa alipuliza filimbi ya mwisho, ikaamuliwa mechi irudiwe Jumamosi inayofuata, palepale.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Wanaume waliulizana nani atashinda. Mimi nilijiuliza kama kuna mtoto hata mmoja atakayeketi kwenye mabenchi yetu. Ijumaa sikuenda kuchimba mizizi peke yangu, nilikwenda na shangazi. Kila mzizi niliuvunja, nikaunusa, nikampa naye akaunusa. Filimbi ya mazoezi ilipolia tuliendelea kuchimba. Jumamosi asubuhi mwiko ulikuwa umelala ukingoni katika mitungi yote mitatu. Shangazi aliweka sahani ya mizizi mlangoni, ili mtu yeyote anayetaka aivunje na kuinusa kabla ya kuketi.

Saa nane tukasikia ngoma ziwani. Mtumbwi wa kwanza ulikuwa na Bibi Mukuka, na safari hii wajukuu walikuwa saba. Alivunja mzizi, akanusa, akaguna kwa kuridhika. Nyuma yake walikuja wengine, mpaka wavulana wakakaa chini mchangani. Yule baba aliyeondoka alifika mpira umekwisha kuanza. Alichukua mizizi mitatu, akaivunja yote. Alipogeuka kuwaita wanawe, walikuwa wameketi zamani benchi la mbele, vikombe mkononi. Akakwaruza kichwa, akaenda kukaa nyuma.

Safari hii niliona kila kitu. Niliona mpira wa dakika ya mwisho, Kingsley akiruka juu kuliko mabeki wawili na kuupiga kwa kichwa hadi golini. Tulishinda moja bila. Watoto wa Chisenga na wa Kashikishi walikimbia pamoja uwanjani, na Chola alibebwa mabegani na mtu ambaye hatukumjua.

Jioni, tukikusanya sahani, shangazi aliniambia niweke zile nilizobeba.

“Febby,” alisema, “kosa lako la kwanza lilikuwa haraka, na haraka inamshika kila mtu. La pili lilikuwa kuficha, na hilo ndilo lingeua. Chakula cha watu hakipikwi kwa kubahatisha. Ukikosea, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka. Watu hawakurudi leo kwa sababu hatukosei. Wamerudi kwa sababu tuliwaambia. Na kumbuka, kila mtoto anayeketi kwenye benchi langu ni mtoto wa nyumba hii.”

Nilimwambia nimesikia. Watu walinisifu kwa siku nyingi, wakasema mtoto wa aibu amepata ujasiri. Niliwaacha waseme.

Sasa mimi ni mkubwa, na kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, si shangazi, si Jessy. Kikombe cha kwanza nilikimimina nikanyamaza. Nilimtazama yule msichana wa kisiwani akikipokea, nikageuza macho. Sauti yangu haikutoka mpaka nilipoona cha pili ni cha Chola wetu. Msichana yule anaitwa Ngosa. Ngosa, wewe ndiye niliyepaswa kukupokonya kikombe kwanza. Nisamehe.