Medali Upande wa Kushoto

Wivu wa shemeji yangu Zadock haukuwa wa mwanamke. Heri ungekuwa wa mwanamke, dada yangu Lornah angejua pa kuanzia. Alimwonea wivu Gichuru, karani mwenzake katika ofisi moja ya bima pale mjini. Wote wawili walikusanya vitu vya vita: kofia, vifungo, medali za askari wa keya, lile jeshi la Mwingereza. Lakini Gichuru alikuwa na medali za babake mzazi aliyepigana Burma. Kila Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka askari, alizivaa kwenye zile sanamu za askari pale Kenyatta Avenue, na watu wakaja kumpa mkono. Zadock alisimama kando na koti tupu. Akirudi nyumbani Hurlingham, chakula kilikuwa hakipiti kooni.

Mwaka wa 1972 akapata yake. Aliinunua Parklands kwa fundi mmoja wa saa, siku ileile ambayo Gichuru alikuwa ameahidi kupita jioni kuichukua. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa medali ya fedha ya vita vya Mjerumani, vile vya kwanza, na ukingoni limechongwa jina la mwenyewe: Kivuva. Zadock akaenda kupekua rekodi za jeshi. Akasoma kwamba wenzake Kivuva walikufa maji wakivuka mto Rufiji, wote. Kivuva mwenyewe hakuonekana, si kwa walio hai wala kwa maiti. Shemeji alitusimulia hayo mezani akitafuna nyama, raha imemjaa.

Jumapili ya kuwakumbuka askari mwaka huo nilikuwa nimewatembelea, kwa hiyo tukaenda sote. Jua lilikuwa kali. Zadock alikuwa ameibandika medali kifuani, upande wa kushoto. Gichuru alipoiona akamvuta kando, lakini mimi masikio yangu hayajawahi kunidanganya.

"Kushoto ni kwa aliyeipigania mwenyewe," Gichuru alimwambia. "Ya marehemu, jamaa yake huivaa kulia. Hata za mzee wangu nazivaa kulia. Hamisha, Zadock."

"Umeumia, eh? Sema tu umeumia."

Gichuru akaenda zake. Mimi pia nilidhani ni kijicho tu.

Tarumbeta ikalia, watu wakatulia. Ndipo nikamwona kijana mmoja ng'ambo ya sanamu. Kaptula ya kaki ya kizamani, vitambaa vimezungushwa miguuni hadi magotini, hana viatu. Alikuwa amelowa chapachapa. Maji yalimtoka masikioni, na sisi jua linatuchoma. Hakuangalia mtu mwingine ila shemeji yangu. Akapita katikati ya watu, na hakuna aliyempisha, akasimama mbele yake.

"Kivuva," alinong'ona. "Kumbe wewe ulibaki mkavu."

Nilipomtazama shemeji kisha nikarudisha macho, kijana hayupo. Kwenye gari Zadock alisema huyo ni mtu wa kulipwa, Gichuru amemtuma aje amharibie siku. Lornah akauliza, mtu gani? Yeye hakuwa ameona mtu. Mimi nilikuwa nimemwona.

Nikaamua kubaki kwao siku kadhaa, dada asiwe peke yake. Mchana kweupe, kiti cha sebuleni kilikutwa kimelowa. Ukikausha, kinalowa. Kisha vikawa viti viwili. Kisha vyote. Lornah alimsihi mumewe aivue ile medali, au basi aihamishie kulia. Akakataa kabisa. Alisema akiivua Gichuru atakuwa amemshinda. Alienda nayo kazini. Alioga, akaivaa tena. Dada yangu alikuwa anampoteza mume akimwona hivi hivi, na mume anapigana na Gichuru.

Jumamosi tukiwa mezani kwa chakula cha mchana, tukasikia sauti getini. Hazikuwa za mtu mmoja.

"Kivuva."

Zadock akaacha kijiko. Hapo ndipo wivu ulipomtoka. Akaishika medali aivue. Haikutoka. Akavuta. Shati likachanika. Pini ilikuwa imezama kwenye nyama ya kifua. Damu haikutoka. Yalitoka maji.

"Lornah," alisema, "waambie mimi si Kivuva."

"Kivuva," waliita tena.

Akasimama wima kama askari, mikono kwenye mapaja. Lornah akamshika, akamwita kwa jina lake, Zadock, Zadock. Hakugeuka. Akaondoka kama mtu asiyetujua. Tulimfuata mbio hadi getini. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Hakukuwa na mtu.

Polisi walitafuta, wakachoka. Gichuru alikuja akalia kwa uchungu, akasema matanga yafanywe. Dada yangu alimfukuza. Alimwambia hata mume wake akiwa hayupo bado anataka kumshinda, kwamba Zadock yuko hai na atarudi. Mpaka leo anampakulia chakula.

Lakini mimi ndiye ninayemfulia dada nguo. Kila gauni lake lina matundu mawili madogo, kama ya pini. Nikiyashona, asubuhi yako wazi. Wiki jana nilimnunulia jipya hapo mjini. Nililifungua mimi mwenyewe, karatasi ya duka haijaguswa, nikalitandika kitandani.

Matundu mawili. Kifuani, upande wa kulia.