Njia Iliyofagiliwa Ndani ya Magugu

Ndugu zangu, hebu tegeni sikio, maana kisa hiki kinatuhusu sote tulio na wazazi.

Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Seremala mmoja, mwenye kitambi na mizaha mingi, alisimama kando ya shamba la marehemu baba yake akinywa chai kwenye kifuniko cha themosi. Mbele yake magugu yalikuwa yamempita kimo, matete yamesukana na mitambaazi hata usione ndani. Mvua zilikaribia, naye alitaka kupanda alizeti. Dereva wa trekta alikuwa akikaza nati za jembe la sahani.

"Hatufyeki wala hatuchomi," dereva alisema. "Tunayalaza na kuyafukia humohumo, yakioza ni mbolea. Lakini niambie kweli, bosi, humu ndani hamna kitu? Kisima, kaburi, mtu?"

"Mtu atoke wapi? Kulikuwa na nyumba ya mama, nadhani ilishaanguka. Mama mwenyewe yuko kwa dada yangu mjini, anakula raha."

Hakuwa anadanganya. Yeye na dada yake, kitindamimba, hawakuwa wakisemezana tangu walipogombania cherehani ya marehemu baba yao. Mama alipokataa kuhamia kwake alimwambia, "Usijali, nitakwenda kwa mwenzio." Simu ya mama ilipoacha kupatikana, seremala alijiambia kwamba dada atakuwa amembadilishia laini. Kuhakikisha kungemlazimu kumpigia dada, na kiburi kilikuwa kimemkaa kooni. Ulikuwa mwaka wa pili sasa.

Trekta likaingia, seremala amepanda nyuma ya dereva. Matete yakalala, sahani zikageuza udongo, kijani chote kikazama. Mbele kidogo mitambaazi ikajisokota kwenye sahani, dereva akazima injini ili aikate.

Ko. Ko. Ko.

Lilikuwa jembe la mkono, likichimba taratibu mahali fulani ndani ya magugu.

"Una kibarua humu?" dereva aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sina."

Sauti ile ikakatika, kana kwamba anayelima naye alikuwa anawasikiliza wao.

"Watu wa hapa walinidokeza," dereva alisema. "Wanaona moshi humu. Wengine wanasema ni wachoma mkaa, wengine wanasema mzimu. Wanapita upande wa pili wa barabara."

Jamani! Watu wazima na akili zao, wanaona moshi miezi yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

"Wewe lima, mvua haitusubiri," seremala alijikaza kisabuni. Injini ikanguruma tena, lakini hawakufika mbali. Dereva alikanyaga breki ghafla.

Mbele ya magurudumu palikuwa na njia. Ilikuwa nyembamba, imelimwa kwa jembe na kufagiliwa, michirizi ya ufagio ikionekana bado mipya. Ilitoka kwenye giza la matete ikaishia hapo, haijafika barabarani. Juu yake palikuwa na nyayo ndogo za mtu pekupeku, zilizokuja na kurudi.

"Hapa mimi silimi," dereva alisema, akashuka.

Seremala naye alishuka, akaziinamia nyayo zile. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilipinda kwa ndani. Aliujua mguu ule tangu akiwa mtoto. Akatoa simu, akampigia dada yake.

"Dada, mpe mama simu niongee naye."

"Kaka, una wazimu?" dada alisema. " Mama si yuko kwako? Mwenyewe aliniambia anahamia kwako."

Aliifuata njia ile. Nyumba haikuwa imeanguka. Uani palikuwa na mihogo na pipa la maji ya mvua. Mlangoni aliketi mwanamke aliyekonda mpaka mifupa, jembe magotini. Kando yake palikuwa na viti vingine viwili, vitupu, vimepanguswa vumbi, vimeelekezwa njiani.

"Umechelewa, kibarua," alisema. "Na hilo dude lako lisinifukie njia. Wanangu watapitia wapi?"

"Mama, ni mimi."

Alimkagua juu mpaka chini. "Wewe? Mwanangu si mnene hivyo. Tena yeye atakuja kwa barabara, hatokei vichakani kama fisi."

Seremala alilia waziwazi, mtu mzima yule. Alipotaka kumnyanyua, mama aling'ang'ania mwimo wa mlango. "Nikiondoka watanikuta wapi?"

Basi akaokota jembe. Alilima kuelekea barabarani, machozi na jasho havitofautishiki, na mama akamfuata nyuma akifagia.

"Panua, kibarua. Watakuja wawili."

Jua lilipoanza kushuka, jembe liligusa barabara. Dada alikuwa amesimama pale, ameshuka garini sasa hivi, uso umemvimba kwa kulia. Hawakulaumiana. Mama alikuwa amesharudi kuketi, nao wakaingia kwa njia ile bega kwa bega.

"Hodi," walisema.

Mama alisimama, uso ukamchangamka. "Karibuni wanangu! Njia hamkuipoteza?" Akawakalisha kwenye viti, akawashika mikono. Kisha akachungulia nyuma yao. "Mpeni maji yule kibarua. Amelia kutwa nzima, sijui ana msiba gani."

Alizeti zilipandwa mwaka ule, lakini njia ile haikufukiwa. Mama anaishi kwa binti yake, seremala humtembelea kila wiki, na mpaka leo mama humuulizia kibarua.

FUNZO

Ndugu zangu, mama huyu hakutupwa na watoto wabaya. Alitupwa na watoto wawili ambao kila mmoja aliridhika kwamba mwenzake anamtunza. Usikubali kuambiwa mzazi wako yuko mahali fulani. Nenda ukamwone kwa macho yako. Ugomvi wenu usimfanye yeye yatima wa watoto wake. Nawe jirani, ukiona moshi, piga hodi. Tuwaendee wazazi wetu wakati bado wanatujua kwa sura.