Sahani ya Saba kwa Saynab

Kifuniko kilipoinuliwa, wageni ishirini na wanne walinyoosha shingo kama mbuzi kwenye birika la maji. Chombo kilikuwa kitupu. Ndani hamkuwa na kipande cha nyama wala tone la samli.

"Nyirinyiri yangu!" Saynab alipiga ukelele. "Nimeibiwa, jamani! Nimeibiwa mchana kweupe!"

Inspekta Bishar Kerrow alikuwa meza ya mbele, kijiko mkononi. Hakuwa kazini siku hiyo. Alikuja kula, na sahani sita zilikuwa zimeshapita salama. Ya saba alikuwa ameiachia nafasi tumboni kwa heshima zote.

Hoteli ya Saynab iko mtaa wa Waberi, Garissa, na Bishar aliipenda kuliko meza yoyote mjini. Aliwahi kulitamka hilo mbele ya mkewe, akalala njaa siku mbili. Kila msimu ulipogeuka, Saynab aliwaita wateja wake kuonja: sahani saba ndogondogo za kile msimu ulicholeta. Mvua zikinyesha, maziwa ya ngamia na ini laini. Jua likikaza, maharagwe kwa samli, na matikitimaji ya mashamba ya kando ya Tana. Sahani ya saba peke yake haikubadilika kamwe: nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa ndogo kama punje za mahindi, ikakaangwa hadi ikakauka, ikalazwa ndani ya samli na iliki. Ililetwa mezani ndani ya dhiil, kile chombo cha kusukwa ambacho bibi zetu walikamulia maziwa.

"Kadar, funga mlango," Bishar aliagiza.

Kadar, mhudumu mwenye ndevu za hina, akafunga.

"Na chai je?" mgeni mmoja aliuliza.

"Chai italetwa. Wizi hauzuii chai." Bishar aliweka kijiko chini kwa huzuni, akamgeukia mwenye hoteli kwa heshima ya shangazi. "Edo Saynab, chombo kilikuwa wapi?"

"Stoo. Jana jioni nilikiona kimejaa."

"Funguo za stoo?"

"Mbili. Mmoja wangu." Saynab aligeuka polepole, kidole mbele. "Mwingine wa huyu!"

Kidole kilimwangukia Khadra, mpishi wake kwa miaka minne, mjane wa watoto wawili.

"Edo, wallahi sikuchukua."

"Basi imeota miguu? Vua aproni! Utaeleza vizuri kituoni!"

Khadra hakulia. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akabaki ameishika. Bishar aliiona ile mikunjo. Aliujua mji wake. Kabla ya swala ya alasiri habari ingekuwa sokoni, na kufikia magharibi hakuna jiko Garissa nzima ambalo lingempokea Khadra, awe na hatia au asiwe nayo.

"Hakuna anayekwenda kituoni mpaka niseme mimi," alisema.

Alikivuta chombo, akaingiza pua ndani. Pua ya Bishar haikuwa ndogo, na alivuta pumzi ndefu. Kisha akapitisha kidole ndani, akakitazama.

"Edo, samli ikikaa humu, ndani panakuwaje?"

"Panateleza."

"Pakavu. Pamefutwa vizuri, halafu pakafukizwa. Moshi wenyewe ni wa leo."

Wazee mezani walitazamana. Kwa wafugaji, chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji. Hufutwa, kikatiwa kijinga chenye moto, kikatikiswa mpaka moshi unywee ndani. Binti hufundishwa hayo kabla hajajua kusuka nywele. Kuacha chombo kitupu bila kukifukiza ni sawa na kumwacha mtoto mchanga bila kumfuta.

"Mwizi aliiba," Bishar alisema, "halafu mikono yake ikashindwa kuondoka hivi hivi. Khadra, ukipewa chombo hiki ukisafishe, utafanyaje?"

Khadra alishangaa. "Nitakiloweka kwa maji moto, Afande, na sabuni ya unga. Kisha nikisugue na waya wa sufuria."

Hoteli nzima iliguna. Mzee mmoja alishika kifua.

"Subhanallah! Sabuni!" Saynab alijipiga paji la uso. "Miaka minne jikoni kwangu!"

"Mimi ni mtoto wa mjini, Edo. Kwetu maziwa yalikuja kwa jagi la plastiki. Na hicho chombo hujawahi kuniruhusu kukigusa."

"Kadar, na wewe?" Bishar aliuliza.

"Mimi mwanamume, Afande. Nilikishika cha mama mara moja tu. Mkono unaniuma mpaka leo."

Bishar alitikisa kichwa. Katika nyumba ile walibaki wanawake wawili waliokulia kambini kwa ngamia. Mmoja alikuwa Saynab. Wa pili alikaa pembeni akihesabu tasbihi: Sahara, dada yake mkubwa, aliyefika kutoka Takaba juma lililopita na mizigo mingi. Alilala chumba kimoja na Saynab. Ufunguo ulilala humo humo.

Bishar hakumtazama. Alikinusa tena chombo, akakunja uso.

"Lakini kazi yenyewe mbovu," alisema kwa sauti. "Moshi umeungua. Aliyefukiza hiki hakufunzwa na mama. Labda alifunzwa na punda."

Tasbihi ilisimama.

"Umeungua?" Sahara alisimama wima. "Wewe mtoto umelelewa na nani? Ule ni mgunga mkavu! Nimezungusha kijinga mara tatu, nikafunika, nikasubiri mpaka..."

Alifunga mdomo. Ulikuwa umechelewa.

"Mpaka nini, Mama Sahara?" Bishar aliuliza kwa upole.

"Mpaka umenywea," alijibu mama yule, akaketi.

"Abaayo, dada yangu!" Saynab alinong'ona. "Wewe? Kwa nini?"

"Waambie wageni wako nani anapika nyirinyiri."

Saynab aligeukia vikombe, akaanza kuvipanga.

"Hasemi! Basi nitasema mimi. Miaka kumi na moja naikata kwa mikono hii, Takaba, naibeba kwa basi, misimu yote. Nilinyamaza, kwani ni dada yangu. Jana nakaa hapa nasikiliza redio. Mtangazaji anamuuliza dada yangu huyu nani alimfunza. Anajibu nini? 'Nilijifunza mwenyewe.' Mwenyewe! Huyu alikuwa anaunguza hata chai! Alfajiri, yeye akiwa anaswali, nikachukua ufunguo. Nyama iko chini ya kitanda, kwenye ndoo. Sijala hata punje. Nilitaka aone meza yake bila mimi."

"Na ulipoona Khadra anaitwa mwizi?" Bishar aliuliza, na sasa sauti haikuwa na mzaha. "Ulihesabu tasbihi."

Sahara aliinamisha kichwa. Kisha akavuka chumba chote, mbele ya macho yote, akaushika mkono wa Khadra. "Nisamehe, binti yangu. Hasira ilinifunga ulimi."

Bishar alimgeukia Saynab. "Unashtaki?"

"Nimshtaki kwa kuiba chakula chake mwenyewe?" Saynab alijifuta macho kwa ncha ya shungi, akawakabili wageni. "Mkono unaopika nyirinyiri ni wa dada yangu Sahara, tangu siku ya kwanza. Nilidanganya. Na Khadra si mwizi, asikie kila mtu, nanyi mkalitangaze sokoni kwa mbio zile zile mnazotangazia uongo!"

Makofi yalipigwa hadi vikombe vikacheza. Ndoo ikatolewa.

Saynab alinyoosha mkono kwa Khadra. "Vaa aproni, mwanangu, uwapakulie watu."

Khadra aliitia ile aproni mikononi mwa Saynab. Akavuta kiti, akaketi meza ya Inspekta.

"Leo mimi ni mgeni, Edo."

Saynab akaivaa aproni. Alipakua ya kwanza, akamwekea Khadra mbele ya Inspekta, mbele ya wazee, mbele ya wote. Khadra alionja.

"Iliki imezidi kidogo," alisema.

Sahara alichota kwa kidole, akaramba, akafikiri.

"Imezidi," alikubali. "Msimu ujao utapima wewe."