Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Kila Jumamosi Nakhisa humsaidia mama yake kufungua duka lao la kuchapa na kutoa nakala huko Kyebando. Yeye hufagia na kupangusa meza, kisha mama huwasha kompyuta ili kazi ianze.

Jumamosi moja mama alibonyeza kitufe, kompyuta ikanyamaza. Akabonyeza tena. Feni haikuzunguka, wala taa ya mbele haikuwaka.

"Jana jioni ilikuwa nzima," mama alisema. "Nakhisa, umegusa kitu huku nyuma?"

"Hapana, Mama."

Ukweli ni kwamba alikuwa amepangusa vumbi nyuma ya kasha la kompyuta kwa kitambaa chenye maji, jambo ambalo mama alikuwa amemkataza. Lakini kupangusa tu kungewezaje kuua kompyuta? Printa ilikuwa inawaka. Hata skrini ilionyesha taa yake ndogo. Kasha peke yake lilikaa kama jiwe. Kila alipojaribu kuelewa, alizidi kuchanganyikiwa. Labda maji yameingia ndani. Au labda ingeharibika tu, hata asingeigusa.

Muda si mrefu akaingia Mzee Olanya, jirani yao aliyefiwa na mama yake. Alikuja kuchukua ratiba za mazishi, kwa kuwa basi la kwenda Gulu lilikuwa linaondoka mchana huo. Picha ya marehemu na maneno yote yalikuwa ndani ya kompyuta ile. Alipoelezwa, aliketi kwenye benchi.

Mama alihamishia waya kwenye soketi nyingine. Akajaribu waya wa printa, akiuchomeka nyuma ya kasha kwa kupapasa. Wapi! Mwishowe akampigia simu Odoch, fundi wao wa Katwe. Odoch aliuliza kama kuna mtu aliyeigusa kompyuta tangu jana. Mama akajibu kwamba hakuna. Basi huenda kifaa cha umeme cha ndani kimeungua, fundi alisema, naye hangeweza kufika kabla ya jioni.

Mzee Olanya akainuka taratibu. Nakhisa alipomwona akielekea mlangoni, alimsogelea mama yake.

"Mama," alisema, "nilipangusa nyuma asubuhi. Kwa kitambaa chenye maji."

Mama alimtazama, kisha akamwomba mzee asubiri kidogo. Alichomoa waya, akaligeuza kasha. Nyuma palikuwa na swichi ndogo, nayo ilikuwa imelala upande wa kuzima. Kitambaa kilikuwa kimeisukuma. Odoch, aliyekuwa bado kwenye simu, alimwambia akaushe kwanza na kuhakikisha hakuna maji yaliyoingia ndani. Mama alipangusa kwa kitambaa kikavu, wakasubiri. Aliporudisha waya na swichi, akabonyeza kitufe, na feni ikavuma.

Mzee Olanya aliondoka na ratiba zake zikiwa bado na joto la printa. Alimpa mkono mama, akampa na Nakhisa.

Walipobaki wawili, mama alimketisha binti yake karibu naye.

"Maji na umeme havichezewi, hilo nilikwambia. Lakini leo kilichotuchelewesha si kitambaa, ni lile neno 'hapana'. Nililiamini, nikaacha kutazama nyuma. Mzee wa watu nusura aende kumzika mama yake mikono mitupu. Mwanangu, hata usipojua kama ulichofanya kina maana yoyote, kiseme. Anayekusaidia hawezi kuona tatizo lilipo ukimficha nusu ya habari."